Simu ya Mjukuu na Maarifa ya Babu

Mtu akitoka katikati ya mji wa Malindi na kushika njia ya kusini, hatakwenda mbali kabla hajafika Muyeye. Upande wa pwani iko mivinje na bahari ya Hifadhi ya Malindi, ambayo imelindwa na Serikali tangu mwaka 1968. Upande wa bara ziko nyumba za watu, nyingine za mawe, nyingine za udongo na makuti. Muyeye si mji kamili wala si shamba kamili. Mwenye nyumba huenda akawa na minazi michache, mwembe mmoja, kuku na mbuzi kidogo, na shamba lake la mahindi na muhogo likawa mbali, huko Magarini, Kakuyuni au Ganze.

Jioni, ukipita katika mitaa ya namna hii, utaona jambo moja. Wazee wamekaa upande mmoja, vijana wamekaa upande mwingine, na kila kijana ameinamisha kichwa juu ya simu. Hawagombani, lakini hawaongei. Mzee anajua mambo ya miaka 70, na kijana ana chombo kinachoweza kumpelekea mtu sauti mpaka Mombasa, Nairobi au Maskati kwa muda wa kufumba jicho. Lakini maarifa yako kwa mmoja, chombo kiko kwa mwingine, na katikati yao pana nafasi tupu. Makala hii yahusu nafasi hiyo, na namna ambavyo familia ya wakulima yaweza kuijaza kwa darasa dogo la simu.

DHOME LA ZAMANI

Wagiriama wana neno dhome. Ni mahali pa moto wa jioni katika boma, walipokuwa wakikaa wazee na vijana wakaja kuwasikiliza. Hapo ndipo mvulana alipojifunza mipaka ya shamba la ukoo wake, mbegu ya kuweka akiba, na jinsi ya kusema mbele ya watu wazima. Hawe, yaani nyanya, naye alikuwa na jiko lake, na wasichana walijifunza kwake mboga za porini kama mtsunga, na muhogo upi huliwa mbichi na upi hauliwi mpaka umenywe, ulowekwe na kukaushwa. Hilo la muhogo si jambo dogo. Muhogo mchungu una sumu, na mtu asiyefundishwa kuutengeneza aweza kudhuru watoto wake siku ya njaa.

Siku hizi dhome imekuwa haba, na si kwa sababu vijana ni wabaya. Kijana yuko shuleni mchana kutwa, na jioni ana kazi ya shule. Wazazi wameondoka kutafuta kazi mjini. Babu amebaki shambani Magarini na mjukuu analelewa Muyeye, ili awe karibu na shule. Watu wa nyumba moja wamekuwa watu wa mahali patatu. Basi hata wakitaka kukaa kwenye moto mmoja, moto huo uwashwe wapi?

KWA NINI NI JAMBO LA WAKULIMA

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika kila watu 4 wa Kenya, 3 walikuwa chini ya umri wa miaka 35. Lakini ukienda mashambani, mwenye jembe na mwenye sauti juu ya ardhi mara nyingi ni mtu aliyekaribia miaka 60 au aliyeipita. Maana yake ni kwamba mashamba ya nchi hii yako mikononi mwa wachache walio wazee, na wengi walio vijana wanayatazama kwa mbali. Wazee hao wakiondoka kabla ya kusema wanayoyajua, hasara haitakuwa ya nyumba zao tu. Itakuwa ya kila mtu alaye ugali.

Tena mambo ya ukulima yenyewe yamehamia simuni. Siku hizi mkulima husajiliwa na Serikali, na akiisha kusajiliwa, ujumbe wa simu humjulisha mifuko ya mbolea ya ruzuku anayoweza kununua. Malipo ya mazao na fedha kutoka kwa watoto walio mbali huja kwa M-Pesa, iliyoanza hapa Kenya mwaka 2007. Habari za mvua kutoka Idara ya Hali ya Hewa husomwa simuni. Mzee asiyeweza kusoma herufi ndogo za simu yake huwa kama mtu aliyeandikiwa barua akaiweka chini ya mto bila kuifungua.

Na magonjwa na wadudu nao ni wapya. Nzi wa matunda anayeitwa Bactrocera dorsalis, ambaye huharibu maembe, aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na ni hapa hapa pwani alikoonekana kwanza. Yule kiwavijeshi wa mahindi aliyetoka bara la Amerika alithibitishwa nchini mwaka 2017. Babu hakufundishwa na baba yake habari za wadudu hao, maana baba yake hakupata kuwaona. Kwa hiyo haifai kusema kwamba mzee anajua yote, wala haifai kusema kwamba kijana na simu yake wanajua yote. Kila mmoja ana nusu.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano. Tuseme katika nyumba moja ya Muyeye yuko babu wa miaka 71, na mjukuu wa miaka 15 aliye Gredi ya 9. Ni mfano tu, lakini msomaji wa pwani huenda akaijua nyumba hii.

Babu alipanda miche 6 ya minazi miaka miwili iliyopita. Miwili imekwisha kufa. Wa tatu makuti yake yametokea yamekatwa pembe, kana kwamba mtu ameyapitisha mkasi. Mjukuu huipita miche hiyo kila asubuhi akienda shule, na hajauliza neno. Babu naye hajamwambia neno.

Babu ana simu ndogo, ile ya mulika mwizi. Zamani mjukuu ndiye aliyekuwa akimsomea ujumbe. Lakini siku moja babu alimtuma kwa ajenti wa M-Pesa, akampa na namba yake ya siri, na fedha ziliporudi zilipungua shilingi 300. Babu hakupiga kelele wala hakumshitaki kwa mtu. Aliacha tu kumpa simu. Tangu siku hiyo ujumbe unaingia na kulala humo humo bila kusomwa.

Sasa tuseme familia hii imeanza darasa la simu kila Jumamosi saa kumi jioni. Kijana anatumia simu janja ya mama yake, mama mwenyewe akiwa hapo. Upande wa pili yuko mzee mwingine, nduguye babu, huko Magarini, na msichana wa nyumba yake ameshika simu. Wako na shangazi Mombasa na watoto wake. Somo la leo ni minazi.

"Tsawe, nionyeshe mnazi ulio mgonjwa," asema mjukuu, na babu anamwongoza mpaka kwenye mche wa tatu.

"Nisogezee hapo kwenye moyo wa mnazi," asema mzee wa Magarini kutoka simuni. "Karibu zaidi. Hapo! Unaona tundu, na makapi yaliyotafunwa?"

"Naona, Tsawe."

"Huyo ni chonga. Yumo ndani sasa hivi. Tafuta waya mgumu, ukunje ncha kama ndoana."

Kijana analeta spoki ya baiskeli. Babu anaingiza spoki polepole, anazungusha, anavuta. Anatoka mdudu mweusi, mnene, mwenye pembe moja kichwani, na watoto walioko Mombasa wanapiga kelele simuni.

"Mmemtoa mmoja," asema mzee wa Magarini. "Ametoka wapi? Hapo nyumbani pana gogo la mnazi linalooza?"

Watu wote wanyamaza. Liko gogo, la mnazi mkongwe ulioangushwa na upepo, nyuma ya nyumba. Ndilo gogo ambalo babu hukalia kila jioni.

"Basi hiyo ndiyo nyumba yake," asema mzee. "Humo hutaga, na watoto wake hukua humo. Lipasueni, mlichome."

Sasa ni zamu ya kijana kufundisha. Somo lake ni moja tu: kukuza herufi za simu na kufungua ujumbe. Hamshikii babu simu. Anamwambia abonyeze wapi, na babu anabonyeza mwenyewe, anakosea, anarudia. Mara ya tatu ujumbe unafunguka. Ni wa mbolea. Uliingia majuma mawili nyuma, na majirani walikwisha kuchukua mifuko yao.

"Nionyeshe pia namna ya kubadili namba ya siri," asema babu.

Kijana anamwonyesha mpaka penye kuandika namba.

"Sasa geuka, tazama baharini."

Kijana anageuka. Anasikia vidole vya babu vikibonyeza, kimoja kimoja.

"Tsawe, zile mia tatu . . ."

"Najua," asema babu. "Gogo lile utalipasua wewe."

Hapo darasa limekwisha. Halikuchukua saa nzima. Lakini mnazi mmoja umepata nafasi ya kuishi, ujumbe wa mbolea umesomwa, na neno lililokaa kati ya babu na mjukuu kwa miezi mingi limesemwa. Mnazi mrefu wa pwani huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8, na huweza kuzaa kwa miaka 60 na zaidi. Kijana yule ndiye atakayekula nazi zake, si babu.

MAMBO HAYA YAMEFANYIKA KWINGINE

Msomaji aweza kusema, "Haya ni maneno matupu, mzee na mtoto hawawezi kusoma pamoja simuni." Lakini yamefanyika katika nchi nyingine. Nchini Kanada, mwaka 2009, wasichana wawili ndugu walianza kuwakusanya vijana wawafundishe wazee kutumia kompyuta. Kazi hiyo iliitwa Cyber-Seniors, ikatengenezewa filamu, na baadaye ikaendelea kwa njia ya intaneti. Mwaka 2014 shule ya lugha ya CNA ya Brazili iliwaunganisha vijana waliokuwa wakijifunza Kiingereza na wazee wa Chicago, Marekani, ambao walikuwa wakiishi katika nyumba za wazee na walikosa mtu wa kuzungumza naye. Vijana walipata lugha, na wazee walipata wageni wa kila juma.

Hapa kwetu tulifundishwa na shida. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulipoingia, shule za Kenya zilifungwa mwezi wa Machi, na wanafunzi wengi hawakurudi madarasani mpaka Januari 2021. Masomo yalitolewa kwa redio, televisheni na simu. Wazee nao waliambiwa wasikaribiane na watu. Familia nyingi zilifanya matanga, harusi na mabaraza kwa simu kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Waliokuwa wakisema kwamba mzee hawezi kuizoea simu ya picha waliona kwamba mzee anaweza, ikiwa ndani ya simu iko sura ya mjukuu wake.

Shule nazo zimefungua mlango. Vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza mwaka 1962, vikafifia, na vikazinduliwa upya mwezi wa Juni 2021. Katika shule za sekondari ya chini, zilizoanza na Gredi ya 7 mwezi wa Januari 2023, kilimo ni somo la kila mwanafunzi. Basi kijana wa Muyeye anayeambiwa na mwalimu apande mboga katika gunia ana sababu nzuri ya kumwuliza babu yake, na babu ana sababu nzuri ya kujibu.

JAMBO ZITO LISILOFAA KUFICHWA

Liko jambo jingine, nalo si la minazi. Kwa miaka mingi, katika nchi ya Kilifi, zimesikika habari za wazee waliouawa au kufukuzwa makwao kwa kushitakiwa uchawi. Mtu ana mvi, macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni, mtoto wa jirani ameugua, na maneno yanaanza. Mara nyingi nyuma ya maneno hayo liko shamba ambalo mtu analitaka kabla ya wakati wake. Na jambo la kuhuzunisha zaidi ni kwamba wakati mwingine wanaonyoosha kidole ni damu ya mzee mwenyewe. Chama cha Utamaduni cha Wilaya ya Malindi, kijulikanacho kama MADCA, kimepigania wazee hao, na Kaya Godoma huko Ganze imekuwa kimbilio la walionusurika.

Kumwua mzee ni kuua mtu, na sheria haina jina jingine kwa kitendo hicho. Mvi si ushahidi wa kosa lolote ila la kuishi.

Darasa la simu halitamaliza msiba huu peke yake. Lakini fikirini. Simu ile ile iliyo mkononi mwa kijana ndiyo inayobeba uvumi kutoka mtaa mpaka mtaa. Kijana ambaye hajakaa na babu yake hata saa moja kwa mwezi, akiletewa uvumi huo, atauamini upesi, maana hana habari nyingine ya kulinganisha. Lakini kijana aliyemwona babu akitoa chonga kwenye mche, aliyemsikia akicheka na nduguye wa Magarini, na aliyesamehewa naye shilingi 300, atauliza swali moja kabla ya kuamini. Swali hilo moja laweza kuokoa maisha ya mtu.

JINSI YA KUANZA DARASA

Familia yoyote, au kikundi cha wakulima, au kilabu cha 4-K pamoja na wazee wa mtaa, waweza kuanza. Yafuateni mambo haya.

1. Anzeni na watu wachache. Wazee watano na vijana watano wanatosha. Ni vizuri kila mzee awe na kijana wa nyumba yake, wakae pamoja kwenye simu moja. Hapo hata mzee mwenye mulika mwizi atashiriki kwa simu ya mwenziwe.

2. Chagueni siku moja na saa moja, msiibadili ovyo. Isiwe wakati wa shule, wala wa swala, wala wa ibada ya Jumapili. Saa moja yatosha. Mzee akichoka hatarudi.

3. Kila siku iwe na masomo mawili tu, moja la mzee na moja la kijana. Somo la mzee liwe la kazi ya mikono: kuchagua nazi ya mbegu, kukata pingili za muhogo, kusoma mawingu ya kusi. Somo la kijana liwe la chombo: kupiga picha ya jani lenye ugonjwa, kutuma sauti, kusoma habari za mvua.

4. Semeni kwa sauti, msitegemee kuandika. Mzee asiyejua kusoma aweza kutuma sauti yake kama mtu yeyote, kwa Kigiriama au kwa Kiswahili. Tena sauti hutumia bando dogo kuliko picha za kutembea. Kama fedha ni haba, tumianeni sauti juma zima, na picha iwe siku ya darasa tu.

5. Kijana asimnyang'anye mzee simu. Hii ndiyo kasoro ya vijana wengi: huona mzee akichelewa, huichukua simu na kumaliza wao. Mzee hajajifunza kitu. Kidole cha mzee ndicho kibonyeze.

6. Mzee asimkatize kijana kwa kusema "wewe ni mtoto." Hii ndiyo kasoro ya wazee wengi. Katika darasa hili mtoto naye ni mwalimu kwa nusu saa.

7. Lililosemwa lifanywe shambani. Darasa linalofuata lianze kwa kuuliza: nani amefanya, na ameona nini? Darasa lisilofika shambani ni soga.

8. Namba ya siri ya M-Pesa haisemwi darasani, wala haandikiwi mtu, hata mjukuu mpenzi. Mzee afundishwe pia kwamba anayepiga simu na kusema fedha zimetumwa kwa makosa, azirudishe upesi, huenda akawa mwizi. Kwanza atazame salio lake mwenyewe.

9. Watoto walindwe. Mzazi au mlezi awepo, na mtu mgeni asimwandikie mtoto kwa faragha. Msipeleke picha za watoto kwa watu wengine. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa.

10. Uvumi usipite. Anayeleta darasani neno la kumtaja mtu kwa uchawi, aambiwe mara moja aache. Kama mtu yuko hatarini, chifu na polisi wapewe habari, si kundi la WhatsApp.

Wale wasio na simu janja wasikate tamaa. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza mpango wa kuwa na kituo cha kidijitali katika kila wadi, na wadi za Kenya ni 1,450. Ulizeni kwa chifu na kwa mwakilishi wenu wa wadi kama kituo chenu kimekuwa tayari.

WALIOKOSEA NI WOTE

Twapenda kuongeza mifano miwili, ili mtu asidhani kwamba darasa hili ni la upande mmoja.

Wakwezi wengi wa minazi huwachukia siufu wa maji moto, kwa sababu huuma vibaya. Huchoma viota vyao na kufurahi. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa Kiingereza, M. J. Way, aliwachunguza siufu hao huko Zanzibar, akaona kwamba wao ndio wanaomfukuza mdudu anayefyonza nazi changa mpaka zikaanguka. Mdudu huyo hata akapewa jina kutokana na jina la mtaalamu yule. Basi hapa mzee mkwezi ana la kujifunza, na kijana aweza kumsomea.

Kwa upande mwingine, kijana akiona kiwavi kwenye mahindi huenda akasema moja kwa moja ni kiwavijeshi, kwa kuwa ndiye aliyemsoma shuleni. Yafaa atazame vizuri. Kiwavijeshi mkubwa ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Asipoona alama hizo, huenda ni yule mdudu wa bua ambaye babu amepigana naye tangu ujana. Hapo babu ndiye mwalimu. Na wote wawili wakishindwa, wampelekee picha Bwana Shamba au Bibi Shamba wao, au waulize kituo cha utafiti cha KALRO kilichoko Mtwapa, ambacho ndicho kilichotoa mahindi ya Pwani Hybrid yanayofaa nchi yetu ya joto.

Wazee wa pwani husema kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kijana anayesoma habari za hali ya hewa simuni asiyacheke maneno hayo. Aandike kila mwaka siku kilimia kilipozama, siku mvua iliponyesha, na yale Idara iliyosema. Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 ulikausha misimu mitano mfululizo, na mwishoni mwa mwaka 2023 mafuriko yakaja. Katika nyakati kama hizo mkulima ahitaji kila jicho alilo nalo, jicho la babu na jicho la chombo.

MSINGOJE MKUTANO

Ndugu wakulima, jambo hili halingoji mkutano mkubwa wala ruhusa ya mtu. Halihitaji jengo. Lahitaji simu moja, bando dogo, mzee mmoja aliye tayari kusema, na kijana mmoja aliye tayari kusikiliza, na kisha wabadilishane zamu.

Kina mama na kina baba mlio katikati, kazi yenu ni kuwakutanisha. Ninyi ndio mnaojua namba ya babu na namba ya mtoto. Jumamosi hii, kabla ya jua kuchwa, mpigieni babu wa Magarini. Msimwulize habari za afya tu mkakata simu. Mwulizeni alichagua vipi nazi za mbegu za ile minazi inayozaa hata leo, kisha mpeni mtoto simu, nanyi mkae kimya.

Penye wazee haliharibiki neno. Lakini neno lisiposemwa haliwezi hata kuharibika. Hutoweka tu, na shamba hubaki na magugu.